Pikapu ya Kimo cha Kitanda

Mama yangu alikuwa hajamwona dada yake kwa miaka mitatu, na kati yao hakukuwa na bahari wala vita. Mama anakaa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka msikitini. Dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, anakaa nje kidogo ya Nagongera, kule Tororo alikozaliwa na kukulia mama kabla ya kuolewa na baba na kusilimu. Ni safari ya asubuhi moja tu. Kilichowatenganisha ni magoti ya mama na kimo cha magari ya siku hizi.

Magoti yalianza kugoma polepole. Kwanza aliacha bodaboda, akasema hawezi kurusha mguu kama msichana. Halafu ikaja harusi ya binamu yangu. Wakati wa kuondoka vijana wawili walimshika, mmoja kwapani, mwingine kiunoni, wakampakia garini kwa mkupuo mmoja. Buibui likapanda, kiatu kimoja kikadondoka, na watu waliosimama karibu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, najua, lakini mimi nilikuwa tayari kuwazaba vibao wote kwa zamu. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani, akajinyoosha mgongo, akaniambia, "Gunia ndiyo inabebwa. Mimi si gunia." Tangu siku ile hakupanda gari la mtu tena.

Ila pikapu ya baba hakuihesabu kuwa gari la mtu. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi, na pikapu ile ya Kijapani ina umri unaokaribia wangu, na mimi nina wajukuu. Aliishusha mwenyewe enzi za ujana wake, si kwa sababu yoyote ya maana. Aliishusha kwa maringo. Alitaka ipite sokoni ikiwa imelala chini, watu wageuze shingo. Mama alikuwa akimwambia hilo ni gari la mtu anayejificha. Baada ya baba kufa nikairithi mimi, nikawa napeleka sabuni na mafuta ya kupikia kwenye maduka ya Masinya na vijiji vya jirani. Watu wakaiita fagio, kwa vile haikuacha tuta bila kulifagia.

Kuipanda, mama aliweza, kwa kushikilia mlango na kupumzika katikati. Kuisafiria ndiyo ilikuwa adhabu. Baba alipunguza springi za nyuma ili ishuke, na hizo chache alizobakiza zilikuwa zimechoka kabisa. Kila shimo, ekseli ya magurudumu ya nyuma ilipanda ikaigonga chesisi, fremu ya gari, na kishindo kile kikapita moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria. Mara ya mwisho nilimpeleka zahanati, mwendo wa dakika kumi, akaumwa mgongo wiki nzima.

Kisha mama mkubwa akaugua. Alilazwa siku kadhaa, akapona, akapiga simu mwenyewe kutuambia amepona, sauti ikiwa imekonda. Mama alimjibu kwa Dhopadhola, lugha yao ya kuzaliwa, wakacheka, wakaagana. Alipoweka simu chini alinitazama kama vile mimi ndiye niliyemficha dada yake. "Nataka kuona dada yangu nikiwa nimesimama," alisema. "Nikingoja sana, nitapelekwa nimelala."

Kauli hiyo ilinichoma. Kesho yake nilivuka mpaka na pikapu.

Upande wa Kenya, nyuma ya maduka ya vyuma, yupo fundi wa springi ambaye madereva wote wa huku wanamtaja. Ni mwanamume wa makamo, mwenye maneno mengi na ovaroli isiyokumbuka rangi yake. Alizunguka pikapu mara mbili, akapiga magoti akachungulia chini, akainuka akicheka. "Mathe, hii gari imechoka. Tuiinue, tuweke springi za kawaida, iwe juu kama zingine." Kwanza, hatupishani miaka kumi, na sikumzaa. Pili, aliponiambia kuiinua nilihisi kama ananiambia nimfungie mama nyumbani maisha yake yote. Nikamjibu kwa ukali kwamba ikipanda hata kidogo naondoka nayo. Nilitaka ibaki chini vilevile, iwe laini, ibebe mzigo, isigonge.

Aliacha kucheka. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akafikiri, na hapo nikaanza kumheshimu. Akanieleza kwamba inawezekana, ila ni kazi ya watu wawili. Yeye angekata chesisi pale juu ya ekseli na kuiunganisha upya ikiwa na upinde, ili ekseli ipate nafasi ya kupanda bila kugonga. Angeweka shoki mpya fupi, yale mabomba yanayozuia gari lisirukeruke. Lakini springi zenyewe zilihitaji kupashwa moto na kunyooshwa, na kwa kazi hiyo hakuna wa kumshinda mhunzi mmoja mzee wa Kisamia aliye upande wetu wa Uganda. Mhunzi huyo pia atengeneze vipande viwili vya chuma vya kukaa kati ya springi na ekseli. Kipande kikiwa kinene, gari linashuka. Kikiwa chembamba, linapanda. Nikamuuliza unene gani. Akaweka vidole vitatu vimelala juu ya ubao, kama mtu anayepima maji ya wali. "Vidole vitatu. Mwambie hivyo tu, atashika."

Akazifungua springi, nikaiacha pikapu pale, nikavuka kurudi na springi kwenye gunia na ujumbe wangu.

Mhunzi nilimkuta ananoa jembe. Nikamweleza habari za springi, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia na vile vyuma: vidole vitatu. Na hapa ndipo nilipoharibu kila kitu, ingawa sikujua. Nilipotamka tatu, niliinua mkono nikasimamisha vidole vitatu hewani, kama ambavyo mtu yeyote anavyoonyesha tatu. Mzee akaushika mkono wangu kwa adabu, akachukua waya, akaupima ubavuni mwa kidole cha kati, kile kirefu kuliko vyote, kutoka ncha hadi shina. Akaukata waya, akautundika kwenye msumari. Nikajisemea moyoni, huyu kweli ni fundi, wengine wanakadiria kwa macho. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Siku nne baadaye nilimpelekea fundi springi na vyuma vyake vikiwa vimefungwa kwenye gunia. Akavifunga. Niliporudi alasiri nikakuta kundi la watu limeizunguka pikapu, na wengine wameshika matumbo kwa kicheko. Ilikuwa imelala. Si kushuka, ni kulala, kama mbwa aliyeshiba. Bomba la moshi limegusa changarawe, na tairi za nyuma zimemezwa na bodi hadi nusu. Fundi alisimama kando, mikono kiunoni. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alisubiri nimalize, akapenyeza mkono nyuma ya tairi hadi kwenye kimoja cha vile vyuma, akaweka vidole vyake vitatu juu yake vikiwa vimelala. Chuma kikabaki kimezidi kwa zaidi ya kidole kizima. Akasema hiyo si kazi yake, niende nikamuulize mhunzi wangu.

Nilivuka mpaka nikiwa nafuka moshi. Nilimfikia mzee nikaanza hata kabla ya salamu: kwamba amezeeka, kwamba hasikii, kwamba nimemwambia vidole vitatu na yeye akafanya lake. Wateja wake wawili wakasogea pembeni. Mzee hakupandisha sauti. Aliinuka, akautoa ule waya msumarini, akaomba mkono wangu, akauweka kwenye kidole changu cha kati. Ulilingana mpaka kwenye kucha.

"Hajati, wewe nakuja hapa nasema vidole tatu, naonyesha vidole yanasimama," akasema kwa Kiswahili cha upande wetu. "Mimi napima yenye nasimama. Mtu nataka ya kulala, nalaza vidole yake."

Nilitamani ardhi inifiche. Ni kweli, kwake mpini wa jembe hupimwa kwa kidole kilichosimama, na kule ng'ambo springi hupimwa kwa kidole kilicholala. Mimi niliyezaliwa na kukulia kwenye mpaka huu, ninayejivunia kuzisikia lugha zake zote, nilikuwa nimebeba kipimo kutoka upande mmoja hadi mwingine na kukigeuza njiani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwomba radhi. Niliomba mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilisema nimeangalia chini. Mzee akacheka, akasema chuma hakikasiriki, kilete kikatwe.

Nilirudi kwa fundi nikiwa mnyonge. Watu walikuwa wametawanyika. Nilifungua mlango wa pikapu ile iliyolala, nikajitupa kwenye kiti, miguu nje, nikakaa pale nikijionea huruma. Fundi akaniita kutoka ndani ya banda kuniuliza jambo, nami nikainuka nikaenda. Nilikuwa nimeshafika mlangoni pa banda nilipogundua nilichofanya. Mimi pia magoti yangu yameanza vituko. Kila nikishuka kwenye pikapu hushika mlango na kuguna. Safari hii sikushika kitu. Niliinuka kama ninavyoinuka kitandani.

Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa na jini. Kitandani. Mama huinuka kitandani kila alfajiri kwenda kutawadha, peke yake, bila mkono wa mtu. Kitanda chake baba alikikata miguu kikawa kifupi, na magoti yake yamekizoea kimo kile. Nilikuwa nimewaambia mafundi ibaki chini, ibaki chini, na sikuwa nimewahi kujiuliza chini kiasi gani. Maringo ya baba ndiyo yaliyokuwa kipimo changu, na hata hayo yalimtaka mama ashikilie mlango na kupumzika katikati. Mwaka mmoja zaidi na asingeweza.

Nikaacha kila kitu nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani na tasbihi. Nilichukua kamba, nikapiga magoti sakafuni, nikaipima kutoka chini hadi juu ya godoro pale alipokaa, nikafunga fundo. Akaniuliza, "Nanipima nini? Sanda iko tayari?" Nikamwambia atulie, bado ana safari. Alinikazia macho, lakini hakuuliza safari ya wapi. Nadhani alijua, na aliogopa kuuliza.

Kamba ile niliivusha mpakani ikiwa imefungwa kwenye kifundo cha mkono, nisije nikaipoteza. Nilimwambia fundi kwamba habari za vidole zimekwisha, sitaki kusikia kidole kilicholala wala kilichosimama. Kiti cha abiria kiwe kwenye fundo hili, na gari lipite juu ya tuta bila kugusa. Alishika kamba, akaipima kwenye mlango, akapiga mluzi. "Hiyo ni chini sana, mathe." Nikamwambia ni kitanda cha mama yangu. Akaizungusha kamba kiganjani. Halafu akaniambia kwamba mama yake mwenyewe, huko kwao, hajatoka nje ya boma mwaka wa pili sasa.

Kuanzia hapo hakuniita mathe tena, na alifanya kazi kana kwamba gari ni lake. Tulikigawa kimo: kiasi kikatoka kwenye springi na vile vyuma, ambavyo mzee alivipunguza bila kunitoza neno lolote la kejeli, na kiasi kingine kikatoka kwenye kiti chenyewe cha abiria, kipana cha kukaa wawili, ambacho fundi alikikata miguu ya chuma na kukiketisha karibu na sakafu. Ule upinde wa chesisi aliukata upya akauongeza. Springi za mbele alizikaza na kuzilegeza hadi pua ya gari ikalingana na mgongo. Mhunzi naye alivuka mwenyewe siku ya mwisho, mara ya kwanza kwa miaka mingi, aje aone springi zake zimekaaje. Wale wawili waliokuwa wakitajana kwa mbali tu wakalala chini ya pikapu pamoja, miguu minne nje, wakibishana kuhusu bolti.

Majaribio yananichekesha hadi leo. Fundi hakutaka mifuko ya saruji. Alisema saruji haisemi ikiumia. Akawaita akina mama wanne wauza samaki waliokuwa wakipita, wenye miili ya kushiba, akawaomba wakae nyuma, akaendesha juu ya tuta kubwa la barabara ya stendi, akarudi, akaendesha tena kwa kasi. Nilikuwa nimesimama kando ya tuta nimeinama kama ninayetafuta sarafu, sikio langu likingoja kile kishindo. Hakikuja. Ekseli ilipanda, ikaingia ndani ya upinde wake taratibu, ikashuka. Akina mama wakasema wangependa mzunguko mwingine. Mimi nikaruka na kupiga makofi katikati ya barabara, mwanamke mzima, na sikujali nani ananiona.

Jumamosi, baada ya chai, nilileta pikapu hadi mlangoni. Nilikuwa nimejipanga kumweleza mama afanyeje, lakini hakunipa nafasi. Alikuja na fimbo yake, akaitazama pikapu kutoka mbele hadi nyuma, akageuka akaipa mgongo, akakaa. Hivyo tu. Akaikusanya miguu yake, mmoja, wa pili, akaiingiza ndani, akaweka fimbo mapajani. Majirani walikuwa wamejitokeza vibarazani. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuchekea. Mama aliangalia mbele, kidevu juu, akaniuliza nangoja nini.

Tulishika lami ya Tororo kukiwa bado na ubaridi. Mama alikaa mkono umeshika dashibodi, akijiandaa kuumia. Tulipokaribia mji, mwamba wa Tororo umeshajitokeza mbele yetu, akaniambia nipunguze mwendo, anakumbuka kuna tuta baya hapa, lilimvunja mgongo zamani wakati baba yuko hai. Nikamwambia tumeshalipita. Akageuka akatazama nyuma kupitia kioo. Akaondoa mkono kwenye dashibodi, na kutoka hapo hadi Nagongera alinihadithia mambo ya utoto wake ambayo sijawahi kuyasikia, sauti yake ikiwa ya msichana. Nililia kidogo nikiendesha, na nikamwambia ni vumbi, kwenye lami.

Njia ya kuingia kwa mama mkubwa ni ya udongo, na mvua zilikuwa zimeichimba. Nilipita hatua kwa hatua. Mara moja tu majani yalikwaruza chini ya gari. Tukatokea uwanjani pake.

Mama mkubwa, niliyekuwa nimempigia simu jana yake, alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, amevaa gomesi yake ya sherehe, gauni refu lenye mabega yaliyosimama. Hakuinuka. Nilishangaa, maana kwenye simu alikuwa akituambia kila mara kwamba atakuja yeye, tusihangaike, atakuja tu akipata nafasi. Mama alifungua mlango, akatoa miguu, akasimama. Alitembea kutoka kwenye gari hadi kwenye kile kiti peke yake, polepole, mimi nikiwa nyuma nimejizuia kumshika. Alipofika ndipo mama mkubwa akaitoa fimbo yake mwenyewe iliyokuwa imefichwa nyuma ya kiti, akajaribu kuinuka, akashindwa, na wote wawili wakaelewa. Miaka mitatu kila mmoja alikuwa akimdanganya mwenzake kwamba ni shughuli. Walishikana wakalia, halafu wakaanza kucheka huku wakilia, wakigombana kwa Dhopadhola kuhusu nani alianza uongo.

Tulikula. Ilikuwa siku ya soko Nagongera, na kutoka pale uwanjani ungeweza kuona watu wakipita njiani na mizigo. Mama mkubwa aliwaangalia akasema, kwa Kiswahili akinielekea mimi, kwamba tangu atoke hospitali hajafika sokoni, na hata kanisani haendi, wanamletea sala nyumbani, kwa sababu hataki wamnyanyue kwenye bodaboda mbele ya watu. Alisema bila kulalamika.

Mama akaweka sahani chini. Akaniambia nisogeze gari hadi kwenye kiti, karibu kabisa, twende sokoni. Nikasogeza. Wajukuu wa mama mkubwa wakaja mbio kutoka jikoni, vijana wenye mikono ya shamba, tayari kumnyanyua bibi yao.

"Msiguse yeye," mama akawaambia. Wakasimama. Kisha akamgeukia dada yake. "Geuka. Kaa kwanza. Miguu itakufuata."

Mama mkubwa aliiegemea fimbo, akajisukuma kutoka kwenye kiti, akageuka akiwa ameinama nusu, akatafuta kiti cha pikapu kwa nyuma ya mkono. Akakaa. Alibaki pale akipumua, miguu bado nje, akituangalia mmoja mmoja. Akauingiza mguu wa kwanza, akauingiza wa pili, akajisogeza hadi katikati kumwachia mdogo wake nafasi. Mama akageuka, akakaa ubavuni mwake, akaweka miguu ndani. Mmoja wa wajukuu akanyoosha mkono aufunge mlango. Mama mkubwa akauona mkono ule, akajinyoosha juu ya mapaja ya mama, akaushika mlango, akauvuta na kuufunga mwenyewe.